Kukanyaga Mafuta na Gari Lisijibu

Shemeji yangu aliniuzia gari lake kwa bei ya kindugu, na sababu hakuificha: "Limekufa nguvu hilo. Nimetengeneza mpaka nimechoka." Ni gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, injini ya lita moja na nusu, gia otomatiki, aina ambayo ukisimama Tabata, Dar es Salaam, kwa muda wa kunywa soda utaona yamepita kumi. Jina silitaji kwa sababu tatizo halikuwa la kampuni. Lilikuwa la umri, vumbi na matengenezo ya kubahatisha.

Pamoja na funguo alinikabidhi bahasha ya risiti. Plagi nne mpya. Koili moja, halafu baadaye koili tatu zilizobaki. Pampu ya mafuta ya ndani ya tanki. Kusafisha nozeli. Plagi tena. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema kila mara ilianza na kauli ileile: "Bosi, tubadilishe hiki kwanza tuone." Wakabadilisha, wakaona, gari likabaki vilevile. Kwa pesa iliyoishia kwenye zile risiti angeweza kufunga tairi nne mpya na chenji ikarudi.

Mimi nilianza kwa kuliendesha tu, bila kufungua kitu, nikiangalia linagoma wapi na linagoma vipi. Naona hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mtu anafika gereji anasema "gari zito", fundi anaitikia "sawa", na hapo hakuna aliyesema lolote. Zito lini? Likiondoka kwenye taa? Likipanda mlima? Likiwa la baridi au limeshachemka? AC ikiwa imewashwa?

Langu lilikuwa na mambo mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni kuchelewa: kwenye taa za barabarani nakanyaga, kunapita kitambo hakuna kinachotokea, halafu linashtuka na kuondoka kwa kuruka. Ukiwa kwenye mzunguko na daladala inakuja ubavuni, kitambo hicho ni kirefu sana. La pili ni kukosa nguvu: nikiwa Barabara ya Morogoro, mbele ya Mlandizi, nataka kuovateki lori la mzigo wa Tunduma, nakanyaga hadi mwisho, mshale wa mizunguko unapanda mpaka 3,500 na kuganda hapo. Kelele inaongezeka, mwendo hauongezeki. Unarudi nyuma ya lori na kumeza moshi wake.

Hayo ni magonjwa mawili tofauti, hata kama kwa dereva yote yanaitwa gari zito. Gari linalochelewa kuitika lakini likishaondoka linavuta vizuri, shida yake huwa karibu na mguu wako: pedali, throto (mlango unaoingiza hewa kwenye injini), sensa ya kupima hewa, yaani vitu vinavyohusika na ile pumzi ya kwanza. Gari linaloitika haraka lakini linaishiwa nguvu huko juu, mtafute anayelibana: mafuta hayafiki ya kutosha, moshi hautoki, breki zinashika, gia boksi inateleza, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imekwisha. Langu lilikuwa na yote mawili, na ndiyo maana kila fundi wa shemeji alikuwa akigusa kipande kimoja bila kuona mabadiliko.

Nikaanza na vitu visivyo na gharama. Kitufe cha overdraivu kilikuwa sawa. Nakitaja kwa sababu nimeshapanda magari ya watu ambao wameendesha miaka na taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi, gia ya juu kabisa haiingii, na wanalalamika gari linakunywa mafuta. Breki nilizipima kwa njia ya kizamani: endesha mwendo mrefu kidogo, liache lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, kisha shuka usogeze kiganja karibu na rimu zote nne. Rimu moja ikiwa inaunguza na nyingine ni vuguvugu, hiyo breki haiachii. Zangu zilikuwa sawa.

Kilichonichekesha ni sakafu. Chini ya pedali kulikuwa na kapeti ya gari, juu yake mkeka wa mpira, juu yake mkeka mwingine mnene wa maua. Pedali ilikuwa inagonga mkeka kabla haijafika mwisho wake. Baadaye mashine ya fundi ya kusoma kompyuta ya gari ilithibitisha: mguu umekandamiza kabisa, throto imefunguka asilimia 70 tu. Tulipotoa mikeka, ikafika mwisho. Haikuponya gari, lakini sehemu ya nguvu tuliyokuwa tunaitafuta kwa spea ilikuwa imelaliwa na mkeka wa maua.

Kuna pia kidude wanachouza mtandaoni, kinachomekwa kwenye waya wa pedali, wanasema kinaongeza nguvu. Magari ya siku hizi, na hata langu la 2005, hayana waya wa chuma kati ya mguu na injini. Pedali ina sensa inayopeleka umeme kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamuru mota ifungue throto. Kidude kile kinadanganya kompyuta tu: umekanyaga kidogo, chenyewe kinasema umekanyaga sana. Gari litaonekana limechangamka, lakini ukikanyaga mpaka chini nguvu ni ileile ya kiwandani. Kwenye gari gonjwa hicho ni kipodozi.

Fundi niliyeelekezwa yuko Ilala, mtu mzima, gereji yake ni uwazi kati ya nyumba mbili na mwembe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakuinua boneti. Alikaa kwenye kiti cha mbele cha abiria, akasema, "Twende mwanangu, niendeshe." Njia nzima aliuliza maswali. Likiwa la baridi linachelewa zaidi? Limewahi kumisi, yaani silinda moja kukosa kuwaka? Taa ya injini imewahi kuwakawaka, siyo kuwaka tu, kuwakawaka? Sikujua, nikampigia shemeji hapohapo. Shemeji akasema ndiyo, kabla ya kubadilisha koili lilimisi kwa miezi, na taa ilikuwa inapepesa kila akipanda mlima. Mzee akatikisa kichwa, akanyamaza. Sababu ya kunyamaza niliielewa mwishoni.

Mimi nilikuwa na kile kidude cha bei rahisi cha bluutuu kinachosoma gari kupitia simu, na kiligoma kuunganika. Hilo hutokea sana kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani: tundu ni lilelile la pini 16, lakini si yote yanayozungumza lugha moja na yale ya Marekani na Ulaya. Mashine ya mzee iliingia bila shida. Ikatoa kosa moja, P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli.

Na hapa ndipo shemeji alipoliwa pampu. Fundi aliyetangulia alisoma P0171, akasema petroli haifiki, basi pampu. Inaonekana ina mantiki. Lakini mashine haijasema pampu mbovu. Imesema tu kwamba injini inakosa petroli ukilinganisha na hewa inayoingia, na sababu zake ni nyingi. Huenda petroli haifiki kweli. Huenda kuna mpira uliopasuka unaoingiza hewa ya wizi. Huenda sensa inayopima hewa inasema uongo, inaripoti hewa kidogo kuliko inayoingia, na kompyuta inapika kwa kipimo hicho cha uongo.

Mzee alitenganisha hayo kwa kuangalia namba zikitembea, injini ikiwa imewaka. Kompyuta ya gari hujaribu kushika uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, na sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi huiambia imekosea kiasi gani. Ikiona petroli haitoshi inaongeza, na kiasi inachoongeza huonekana kwenye mashine kwa asilimia. Ikicheza kati ya kujumlisha 5 na kutoa 5, gari ni zima. Likiwa limesimama linanguruma, langu lilionyesha kujumlisha 7. Mzee akamwambia kijana wake apige resi na kuishikilia kwenye 2,500. Namba ikapanda: 12, 16, 20, ikatulia 22.

"Hewa ya wizi ingekuwa kinyume," mzee akasema. Nilimwomba anifafanulie. Mpira ukipasuka, hewa inayopenya ni ileile kiasi kidogo. Injini ikinguruma polepole kidogo hicho ni sehemu kubwa ya pumzi yake, ukipiga resi kinamezwa na hewa nyingi inayopita mlango halali. Kwa hiyo asilimia huwa kubwa injini ikiwa polepole na hupungua ukiongeza resi. Ikiongezeka kadiri unavyoongeza resi, shuku vitu viwili: petroli haifiki, au kipimo cha hewa kinadanganya. Akafunga geji kwenye njia ya mafuta, presha ikasimama imara hata wakati wa kupiga resi. Pampu ilikuwa nzima, na bila shaka hata ile ya zamani ilikuwa nzima.

Akafungua sensa ya hewa. Imekaa kwenye bomba linalotoka kwenye boksi la eakilina, lile chujio la hewa, imeshikwa na skrubu mbili. Akaiinua kwenye mwanga akaniita. Ndani ya kitundu kidogo kuna waya mwembamba kama unywele. Waya huo hupashwa moto kwa umeme, hewa inayopita huupoza, na kompyuta hukadiria hewa kwa kuangalia inatumia umeme kiasi gani kuurudishia joto lake. Wa kwangu ulikuwa umevaa manyoya ya kijivu, vumbi lililogandana na mvuke wa oili. Waya uliovaa koti haupozwi na upepo sawasawa, hivyo taarifa inayopelekwa kwa kompyuta ni kwamba hewa ni kidogo. Unakanyaga ghafla, hewa inaingia kwa kishindo, petroli inatolewa ya kipimo cha uongo, injini inakabwa kwa kitambo mpaka marekebisho yaifikie.

Alipuliza dawa maalumu ya kusafishia sensa hiyo, akaiacha ikauke yenyewe. Hakugusa kwa kidole, hakutumia kitambaa, wala ile bomba ya upepo ya kujazia tairi. Kijana wake alikuwa ameshaishika bomba hiyo mkononi, akapigwa jicho moja akairudisha.

Vumbi lilifikaje huko wakati kuna eakilina? Boksi lilikuwa na klipu moja iliyovunjika, mahali pake pamefungwa mpira wa baiskeli, na eakilina yenyewe, ingawa ilikuwa mpya na nyeupe, ilikuwa fupi kuliko boksi. Upande mmoja kidole changu kilipita. Ndani ya bomba, baada ya chujio, kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu unaoelekea moja kwa moja kwenye injini. Sijui kama hiyo ni ya gari jingine au ni feki tu ya mtaani, lakini tangu hapo nikinunua eakilina Gerezani naenda na ya zamani mkononi, naziweka zote mbili juu ya kaunta, napima ukingo kwa ukingo.

Throto nayo ilikuwa na duara jeusi la masizi pale kisahani kinapofungia. Wakaifuta kwa kitambaa chenye dawa, swichi ikiwa imezimwa, bila kulazimisha kisahani kwa nguvu kwa sababu kina gia ndogo za plastiki nyuma yake. Walipowasha, injini ikanguruma kwenye 1,500 kama imepagawa. Kijana akatafuta bisibisi akaze skrubu ya kusimamishia kisahani. Mzee akamzuia: kompyuta ilikuwa imezoea kufungua zaidi ili kufidia masizi, na sasa masizi hayapo. Wakatoa terminali ya betri kwa muda, wakarudisha, gari likaachwa lingurume bila AC wala taa mpaka likashuka lenyewe hadi kwenye mia saba na kitu. Nimeona magari yaliyokazwa skrubu hiyo. Hayatulii tena.

Tulipotoka kwenda kujaribu, ule ucheleweshaji ulikuwa umekwisha. Unagusa, linaondoka. Ile namba ya 22 ikashuka hadi 4. Mtu mwingine angelipa akaenda nyumbani akishukuru, lakini nilipokanyaga mpaka chini kwenye barabara iliyo wazi mshale uliganda tena karibu na 3,500.

Mzee akaniambia niendelee kukandamiza huku yeye anasoma kiasi cha hewa. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila nguvu moja ya farasi huhitaji karibu gramu 0.8 za hewa kwa sekunde. Injini yangu ilitoka kiwandani na farasi mia na ushee, kwa hiyo ikizunguka kwa nguvu zote ilitakiwa kuvuta gramu 80 au zaidi. Ilikuwa inavuta 48. Safari hii sensa ilikuwa safi na ule uwiano wa petroli ulikuwa sawa, maana yake namba ilikuwa ya kweli: injini yenyewe haipati hewa. Mlango wa kuingilia tumeshausafisha. Kilichobaki ni kwamba hewa ya zamani haitoki, na isipotoka mpya haina pa kuingia.

Wakafungua sensa ya oksijeni ya mbele, wakachomeka geji ya presha kwenye tundu lake. Ekzosi iliyo nzima haitakiwi kuonyesha zaidi ya psi 3 ukishikilia resi ya 2,500. Yangu ilifika 7. Masega, kile kisafisha moshi kilicho ndani ya bomba la ekzosi, yamefumba.

Hapo ndipo maswali yake ya njiani yalipokaa mahali pake. Masega ni kauri yenye vitundu vingi iliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi ili kuunguza mabaki ya moshi. Gari likimisi, petroli ya silinda isiyowaka inasukumwa nje ikiwa mbichi na kwenda kuungulia ndani ya masega. Joto linapanda kupita kiasi, kauri inayeyuka na kuziba vitundu. Ile taa inayopepesa, tofauti na inayowaka tulivu, ndiyo onyo la jambo hilohilo. Shemeji aliiendesha hivyo miezi, kisha akabadilisha koili, kumisi kukaisha, na madhara yakabaki ndani ya bomba ambako hakuna aliyeangalia. Sensa ya hewa ilipokuja kuchafuka juu yake, dalili zikafunikana.

Sasa ikaja mada ambayo gereji nyingi zina jibu lake tayari: toboa, tupa. Nashauri uwe macho. Kuna watu wanapita gereji kwa gereji wakinunua masega kwa ajili ya yale madini, na fundi anayekwambia atakutolea bure ana sababu yake. Kama umeamua kuyatoa, chukua mzigo wako. Mimi sikutaka kutoboa. Moshi unanuka hadi ndani ukisimama foleni na vioo vikiwa wazi, sensa ya nyuma inawasha taa ya injini kwa kosa la P0420, na taa ikishawaka muda wote hutajua siku ikiwaka kwa jambo jingine. Mpya ya kweli bei yake ilinishinda. Tukatafuta ya mtumba Shauri Moyo, iliyokatwa kwenye gari lenye injini kama yangu. Mzee alimulika tochi ya simu upande mmoja akanionyesha upande wa pili: vitundu vyote vinapitisha mwanga. Kisha akaigonga kwa kiganja karibu na sikio. Ikilia kama ina kokoto ndani, kauri imeachia, usinunue. Ya tatu ndiyo tuliyochukua.

Baada ya kufunga, geji ilisoma chini ya psi 2, na mashine ikaonyesha gramu 79 kwenye barabara ileile. Malori ya Mlandizi sasa nayapita.

Niongeze neno kuhusu mafuta machafu, maana ndiye mshtakiwa wa kwanza kila gari likigoma. Kuchakachua kulikuwepo sana, na ndiyo sababu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya kusilipe. Sisemi hakuna wajanja leo. Lakini mafuta mabaya huja na tangi na kuondoka na tangi. Gari likiwa gonjwa kwa mwaka mzima na umejaza vituo tofauti, acha kukisingizia kituo.

Safari ya kwanza ndefu nililipeleka Iringa. Lilipanda Kitonga bila kelele za ajabu, lakini mjini Iringa likawa limepoa tena, si kuchelewa, kupoa tu. Fundi mmoja pale alinisikia nikimweleza mwenyeji wangu, akasema anayo pampu nzuri kutoka Japani. Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda kwa sababu hewa ni nyepesi. Niliporudi Morogoro lilikuwa limechangamka lenyewe. Pampu yake nadhani ameshampata mtu.

Lililobaki ni gia boksi. Ukikanyaga ghafla kwenye mwendo wa 80, inachukua muda kidogo kabla haijashusha gia, na hidroliki, yaani oili ya gia boksi, niliyoichungulia kwenye kijiti ni ya kahawia iliyoiva, si nyekundu. Mzee amekataa kuimwaga yote kwa mashine kwa mkupuo mmoja, anasema gia boksi isiyojulikana historia yake haifanyiwi hivyo. Tunafungua nati ya chini, inatoka chini ya nusu, tunajaza kiasi kilekile cha aina iliyoandikwa kwenye kijiti, naendesha wiki kadhaa, tunarudia. Mzunguko wa kwanza tumeshafanya. Gia inashuka mapema kidogo kuliko zamani, na iliyo kwenye kijiti bado ni ya kahawia.